Sangara Kwenye Meza ya Muscadet

Ukoo wa mume wangu una dini mbili. Ya kwanza ni Ukatoliki, wanaoukumbuka kwenye ndoa na misiba. Ya pili ni Muscadet, na hiyo haina likizo. Baba mkwe amefanya kazi kwenye mashamba ya mizabibu ya Vallet, kusini-mashariki ya Nantes, tangu ujana hadi kustaafu, na mama mkwe hanunui chaza kabla hajateremka ghalani kuhakikisha kwamba chupa zipo. Mimi nilifika kwao bibi harusi kutoka Moshi, nimekulia kwenye harufu ya mbege, nikidhani divai nyeupe ni divai nyeupe tu. Walinielimisha. Hadi leo darasa halijafungwa.

Tatizo la ukoo huu ni mume wangu. Alikwenda Paris kutafuta kazi akiwa kijana, akarudi na kabati la divai lenye taa ya buluu, rundo la magazeti yenye picha za wazee waliokunja nyuso mbele ya bilauri, na maneno mengi. Muscadet kwake ikawa divai ya babu: nyepesi, chachu, ya kuwapa mafundi wakimaliza kuziba bomba. Simwonei, sababu alikuwa nayo. Kuna miaka ambapo wafanyabiashara waliimwaga Muscadet kwenye maduka ya Ulaya kwa bei ya kutupa, nyingine ikiwa ni maji yenye ukali na lebo. Kisha Aprili 1991 jalidi ikaunguza machipukizi ya mizabibu usiku mmoja. Mavuno yakapotea, bei ikapanda, wanunuzi wa nje, Waingereza hasa, wakatafuta vinywaji vingine na wengi hawakurudi. Tangu hapo mashamba mengi yameng'olewa. Baba mkwe akianza kuisimulia asubuhi ile, anafungua kiganja kuonyesha jinsi machipukizi yalivyosinyaa yakawa meusi, na mama mkwe huondoka mezani akaenda kuosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa.

Nilichofundishwa mimi ni hiki. Zabibu ni ya aina moja tu, inaitwa melon de Bourgogne. Ikishakamuliwa na kuchachuka, divai nyingine nyingi huhamishwa ili ziachane na mashapo ya hamira. Hii huachwa juu ya mashapo yale kipindi chote cha baridi, haiguswi, ndani ya matangi ambayo katika wilaya ile mengi yamechimbiwa chini ya ardhi na kupambwa ndani kwa vigae vya kioo. Kisha hutiwa kwenye chupa moja kwa moja kutoka hapo, kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Novemba ya mwaka unaofuata mavuno. Sheria ndivyo isemavyo, na chupa hiyo ndiyo inayoruhusiwa kuandikwa "sur lie". Mashapo huipa unono kidogo na harufu ya kinyunga cha mkate. Gesi ambayo haikupata pa kutokea huchoma ncha ya ulimi kwa mbali. Kilevi chake kwa kawaida ni asilimia 12. Haina asali, haina vanila, haina maua. Ina limau, tufaha bichi na kitu kama chumvi.

"Haisemi kitu," mume wangu hulalamika.

"Mezani anayesema ni chaza," mama yake humjibu. "Divai inasikiliza."

Vita hivi vilikuwa baridi hadi mwaka aliotutembelea mama mdogo.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu. Aliolewa Tanga, akasilimu, akageuka Mdigo kuliko Wadigo wenyewe. Alifika Nantes mwezi Desemba akiwa na sweta mbili, khanga juu ya sweta, na mfuko wa pilipili manga alioupitisha uwanja wa ndege kwa dua. Mume wangu, kwa kutaka kumheshimu mgeni, akatangaza kwamba mkesha wa Krismasi ungefanyika kwetu na si kijijini kwa wazazi wake, na kwamba mpishi angekuwa yeye. Kwanza chaza wabichi, halafu samaki aitwaye sandre wa Mto Loire kwenye mchuzi wa siagi, halafu jibini, mwisho aiskrimu yenye umbo la gogo. Na asilete mtu chupa. Divai alikwisha kununua: nyeupe mbili za Bourgogne, zilizolala kwenye mapipa mapya ya mwaloni. Bei yake hakuisema. Niliisoma kwenye risiti iliyobaki mfukoni mwa suruali nilipokuwa nafua, nikakaa chini.

Chaza walifika siku moja kabla, kikapu kizima cha ubao, wamepangwa wamelala na kubanwa kwa kamba wasifumbue midomo. Walikuwa namba 3. Kwa chaza wa Ufaransa namba ikiwa ndogo chaza ni mkubwa, na namba 3 ndiyo ya meza za watu wa kawaida. Tukawaweka kwenye baraza, nje, kwenye baridi. Mama mdogo akataka kujua kwa nini hatuwachemshi mara moja. Mume wangu akamweleza, nami nikitafsiri, kwamba hawa huliwa wakiwa hai.

"Hai?" akasema mama mdogo. "Na mnawatazama usoni?"

Mwanangu wa darasa la kwanza alikuwa chini ya meza akisikiliza yote hayo. Asubuhi ya mkesha niliingia bafuni nikakuta beseni la kuogea limejaa maji ya bomba hadi ukingoni, na chini yake chaza wote, na mtoto amechuchumaa pembeni akiwachunga.

"Walikuwa na kiu," akasema.

Hakuna aliyepata ujasiri wa kumgombeza. Lakini chaza ni kiumbe wa maji ya chumvi, na maji ya bomba humdhoofisha, akikaa humo sana hufa. Mama mkwe alipofika kutoka kijijini adhuhuri, hakuvua hata koti. Alitandika magazeti barazani, akaketi, akaanza kuwagonga mmoja mmoja kwa mpini wa kisu. Aliyejifunga haraka aliwekwa kulia. Aliyebaki ameachama alitupwa kwenye ndoo.

Mama mdogo alitoka na shali yake kuona kelele ni za nini. Alitazama kidogo, akavuta kiti, akachukua kijiko cha mbao, naye akaanza kugonga. Tanga wanawake hutoka maji yakipwa kwenda kuokota kome na kombe, na chaza wanaong'ang'ania mizizi ya mikoko. Hawali wabichi, lakini mzima na maiti wanawajua. "Aliyefumbua na hafumbi tena, huyo usimle," akasema kwa Kiswahili, na mama mkwe akaitikia kwa kichwa kabla sijafungua mdomo kutafsiri. Walimaliza kazi ile wawili, kila mmoja akiongea lugha yake, na sikumbuki wakiulizana jambo mara mbili. Sinia tatu tulizotarajia zikawa moja.

Mchana huo mume wangu alikuwa kwenye foleni ya samaki. Tarehe 24 Desemba muuza samaki wa Ufaransa ndiye mtu mkubwa mjini, na anayefika saa nane mchana anachukua alichobakiziwa. Alirudi jioni na kifurushi, akakificha kwenye friji bila kusema neno, akaanza kunoa visu kwa bidii isiyo ya kawaida. Mama mdogo alifungua friji kutafuta maziwa ya chai yake. Nikasikia kicheko.

"Mwanangu, njoo. Huyu si sangara?"

Alikuwa sangara. Minofu minene, myeupe, na juu yake ile karatasi ambayo sheria za Ulaya humlazimisha muuzaji kuiweka: jina la samaki, ziwa alikovuliwa, nchi. Perche du Nil, Ziwa Victoria, Tanzania. Sandre walikuwa wamekwisha. Mume wangu alidhani minofu ikishafunikwa mchuzi hakuna atakayejua, na huenda angefanikiwa kama nyumbani pasingekuwa na Watanzania wawili.

Sangara mwenyewe si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alipandwa humo miaka ya 1950, akala samaki wadogo wa ziwa, akanenepa, na baadaye vikajengwa viwanda vya kumtoa minofu na kuipeleka Ulaya kwa ndege ikiwa kwenye barafu. Wafaransa walimpenda kwa sababu minofu yake haina miiba na bei yake ni nafuu. Kisha mwaka 2004 ikatoka filamu ya Hubert Sauper kuhusu biashara hiyo, iliyopigwa Mwanza, na baadhi yao wakaapa kutomgusa tena. Baba mkwe alikuwa mmoja wa hao. Aliposikia ni samaki gani amepikiwa, akakohoa, akaanza kuniuliza kwa upole kama ni kweli kwamba watu wa kule huachiwa mifupa. Nikamwambia mapanki yapo, ndiyo, na minofu ndiyo hii hapa imefika kwako, kwa hiyo usipoila wewe sijui nani atakuwa amefaidika. Mama mdogo akaniuliza tunagombania nini. Nikamwambia siasa. Akasema basi nikate vitunguu.

Saa moja jioni mume wangu akakumbuka kwamba zile Bourgogne zake bado zilikuwa kwenye kabati lake la taa ya buluu, kwenye joto linalofaa kuzihifadhi lakini si kuzinywa na chaza. Moja akaitoa barazani. Ya pili akaitia kwenye friza, juu ya gogo la aiskrimu, "dakika kumi tu," akasema, akaenda kufungua chaza.

Kisu cha chaza ni kifupi, butu pembeni, na hakina huruma. Unaingiza ncha pale maganda mawili yanapokutana, unakata msuli unaoyashikanisha, na mkono mwingine unatakiwa uwe umefungwa kitambaa kizito au glavu. Wifi yangu, ambaye ni muuguzi, alimletea mume wangu glavu kutoka kazini kwake kabisa. Akaikataa; babu yake hakuwahi kuvaa. Hospitali za Ufaransa zinaijua vizuri wiki hii ya Desemba, viganja hufika pale vimefungwa taulo za jikoni. Chake hakikufika huko kwa sababu wifi alimbandika plasta papo hapo, akamfunga bendeji nyeupe hadi kidole gumba kikasimama peke yake, na hakusema "nilikwambia" ila kwa macho. Chaza waliobaki walifunguliwa na baba mkwe, ameketi, miwani kwenye ncha ya pua, huku akiendelea kutueleza habari za mvua.

Tukakaa mezani. Mume wangu akamimina Bourgogne ya barazani kwa mkono mmoja, akazungusha bilauri, akasema maneno yake. Nasema haki: ilikuwa divai nzuri sana. Ilinukia siagi, vanila, mbao zilizochomwa kidogo. Kisha tukala chaza, tukanywa tena, na kile kitamu chote kikageuka kuwa ladha ya msumari. Mwaloni na chumvi ya bahari vilikuwa vinapigana mdomoni, na aliyepigwa ni sisi. Mume wa wifi alimeza maji. Wifi akala mkate. Sote tukamtazama baba mkwe. Yeye akatazama dari muda mrefu.

"Ni nzuri," akasema. "Kwa kuku."

Mume wangu akainuka kwenda jikoni kutengeneza mchuzi.

Mchuzi huu wa siagi, beurre blanc, ndio fahari ya Nantes, na watu wa huko husimulia kwamba ulizaliwa kwa bahati mbaya mnamo 1890, mpishi aitwaye Clémence Lefeuvre alipokuwa akitengeneza mchuzi mwingine na kusahau viini vya mayai. Baadaye alikuwa na mgahawa wake huko La Chebuette, ukingoni mwa Loire, na watu walisafiri kwenda kula kwake. Namna yake ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitenda. Vile vitunguu vidogo viitwavyo échalote hukatwa vipande vya punje, huchemshwa ndani ya Muscadet na siki hadi vinakaribia kukauka, kisha siagi baridi hutiwa kipande kwa kipande huku ukipiga bila kupumzika. Moto uwe mdogo. Siagi ikipata joto zaidi ya kiasi, mafuta hujitenga na maji, na kilichokuwa mchuzi laini huwa kidimbwi cha mafuta chenye vitunguu.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Aliona chupa ikimiminwa sufuriani. "Hiyo pombe inabaki, au moto unaimaliza?" akaniuliza. Nilimwambia ukweli: mwingi huondoka na mvuke, si wote. Akasema hakuna neno, yeye atakula samaki mkavu na ndimu. Mama mkwe akaniuliza kasemaje, nikamweleza. Bila neno akashusha kisufuria kingine, akatia échalote, maji na juisi ya limau, akaanza kutengeneza mchuzi wa pili jiko la pembeni.

"Mama, huo si beurre blanc," mume wangu akasema, mkono mmoja ukipiga, wenye bendeji ukiwa umeinuliwa juu.

"Ni wa mgeni," mama yake akasema. "Tazama sufuria yako."

Hapo ndipo friza ilipolipuka.

Divai huganda kwenye takriban nyuzi 6 chini ya sifuri. Friza ya nyumbani iko nyuzi 18 chini. Maji yakigeuka barafu huongezeka ukubwa, na kwenye chupa iliyojaa hakuna mahali pa kuongezekea. Dakika kumi zilikuwa zimekuwa muda wa kufunga jeraha, kufungua chaza, kuwala na kunyamaza juu yao. Mlio ulikuwa wa bomba kupasuka. Mwanangu akapiga makofi. Mama mdogo akasema "Lahaula!" Mume wangu akaruka, akafungua friza, na mbele yake kulikuwa na theluji ya manjano yenye harufu ya vanila, vipande vya kioo kila mahali, na gogo la aiskrimu lililochomwa na vioo hivyo kuanzia kichwani hadi mkiani. Alisimama akiitazama bei ile ya kwenye risiti. Nyuma yake, kwenye moto ambao hakuna aliyeupunguza, mchuzi ukakatika.

Nilidhani atalia. Mama mkwe alimsogeza kwa bega, akazima jiko, akachukua sufuria safi, akatia kijiko cha maji baridi, na kuanza kuurudisha ule mchuzi uliokatika kidogo kidogo, akipiga polepole, mpaka ukashikana tena. Si kila mara hukubali, ila usiku ule ulikubali. Sangara alikuwa tayari amepikwa kwa mvuke na mimi, kwa sababu katika zogo lote lile mtu alipaswa kupika samaki.

Kilichokosekana kilikuwa kinywaji. Baba mkwe akainuka, akavaa koti, akasema anakwenda kuangalia kama amezima taa za gari. Alirudi amebeba boksi. Alikuwa ameliacha kwenye buti "kwa kusahau", akasema, na hakuna aliyemwamini. Baridi ya Desemba ilikuwa imezitunza zile chupa vizuri kuliko friji, friza na kabati la taa ya buluu. Ilikuwa Muscadet Sèvre et Maine sur lie, lebo ya kawaida, ya mwaka uliotangulia, bei yake haifiki ile ya kizibo cha Bourgogne.

Walibaki chaza wachache siniani. Tulianza na hao. Sitatumia maneno ya mume wangu. Chaza alibaki kuwa chaza, akawa hata zaidi: chumvi yake ikasafika, utamu ule wa mwisho kabisa, ambao mara ya kwanza hatukuuona, ukajitokeza, na ulimi ukawa safi, tayari kwa mwingine. Kisha sangara. Ana mafuta, na mchuzi wa siagi una mafuta zaidi, na bila kitu cha kuyakata mtu angechoka tonge la tatu. Uchachu wa Muscadet uliyakata. Unampa samaki nafasi, unasafisha, unaondoka. Baba mkwe, aliyeapa tangu ile filamu, aliongeza mara ya pili akisema anaongeza kwa ajili ya mchuzi. Mama mdogo alikula wa kwake wa limau pamoja na juisi ya zabibu isiyochachuka, akanyunyiza pilipili manga yake juu. Mume wa wifi akaomba aonje mchuzi ule wa mgeni. Akasema ndio bora. Nilidhani hivyo hivyo, lakini sikusema, maana naishi na yule mwingine.

Kwenye jibini ikafunguliwa chupa ya Gorges. Hiyo ni Muscadet pia, ila ya kijiji chenye jina lake: tangu 2011 Gorges, Clisson na Le Pallet viliruhusiwa kuandika jina la kijiji kwenye lebo, kwa masharti, na moja ya masharti hayo ni kuiacha divai juu ya mashapo muda mrefu sana, miaka miwili kwa Gorges na Clisson. Ilikuwa nzito zaidi, yenye ladha ya jiwe lililonyeshewa na mkate uliookwa, na ilisimama sawasawa na jibini la curé nantais, ambalo harufu yake humfanya mgeni aulize kama kuna mtu amevua viatu. Mume wangu aliishika bilauri ile kimya kwa muda. Akaomba aone lebo. Akaisoma mbele na nyuma.

Baba mkwe aliona ushindi, na mtu mwenye ushindi huongea. Akasema pamoja na yote, samaki katoka Afrika na divai ya kwanza Bourgogne, lakini kilichookoa usiku ni vitu vya kwetu: Muscadet yetu na chaza wetu. Wifi, ambaye hawezi kuacha jambo lipite, akaweka kisu chini.

"Chaza yupi wetu, baba? Huyu ni wa Japani."

Na ni kweli. Chaza aliyekuwa akifugwa zaidi pwani za Ufaransa aliuawa na magonjwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, na wafugaji wakaleta mbegu ya chaza wa Japani, ambaye ndiye karibu kila mtu anayemla leo akiamini ni wa babu zake. Divai nayo? Waholanzi waliokuwa wakinunua kwenye Loire karne ya 17 walitaka divai nyeupe ya kuchemsha wapate brandi. Ukaja msimu wa baridi wa 1709, baridi iliyogandisha hata bahari ukingoni, mizabibu ikafa. Waliopanda upya walichagua mche unaostahimili baridi, nao ulitoka mashariki ya nchi. Ndiyo maana unaitwa melon de Bourgogne.

Mume wangu alikuwa amejiegemeza, bendeji kifuani. Akainuka polepole.

"Kwa hiyo usiku kucha," akasema, "tumekunywa Bourgogne."

Alicheka hadi kidonda kikaanza kutoa damu tena, na wifi akalazimika kukifungua. Baba mkwe hakucheka. Aliusubiri ukumbi utulie, akasema kwamba ule mzabibu ulidharauliwa kwao, uliamriwa ung'olewe, na watu wa Nantes wakaupa shamba, na mtu akishapewa shamba na kulilima ni wa hapo. Nikamuuliza kama anausema mzabibu au ananisema mimi. Akasema anausema mzabibu. Mama mkwe akanijazia bilauri.

Siku iliyofuata, Krismasi yenyewe, tulikula kiporo. Kabati la taa ya buluu bado lipo. Rafu ya chini sasa ina Clisson na Gorges, na mume wangu huwaeleza wageni habari za mashapo kwa sauti ile ile aliyokuwa akielezea mwaloni. Hakuna ninachoweza kufanya juu ya hilo.

Kama unakaa Ulaya na unataka kuionja, tafuta maneno "sur lie" kwenye lebo na usilipe fedha nyingi. Inywe ikiwa na nyuzi 8 hadi 10, zile za vijiji ziwe na joto kidogo zaidi. Chakula chake ni chaza, kome waliopikwa na vitunguu, kamba waliochemshwa, dagaa wakubwa wa kuchoma, na sangara yeyote aliyekwisha kufika huko. Kwenye mchuzi mzito wa nazi wenye pilipili usiipeleke, itapotea. Na ukiwa na haraka, achana na friza: ndoo, barafu nyingi, maji, konzi mbili za chumvi, chupa izame hadi shingoni. Baada ya dakika 20 iko tayari.